Mituele inalipa, lakini nani anachagua daktari?

KISANGANI. Mwisho wa mwezi, kuna walimu ambao kabla hawajashika mshahara mkononi, sehemu ya mituele ya afya imekwisha kutoka. Wafanyakazi wa kampuni wanaijua karatasi hiyo. Wauzaji wa soko waliojiunga kwa njia ya parokia wanaijua pia, ingawa wao wanalipa kwa mkono na kupigiwa muhuri kwenye kijitabu. Wengi wanatoa bila kunung'unika, kwa maana wameona ugonjwa unavyovunja nyumba: leo inauzwa baiskeli, kesho mabati, keshokutwa kiwanja. Kutoa kidogo ukiwa mzima ili usiuze kila kitu ukiwa kitandani, hiyo ni akili ya likelemba, na wana-Boyoma hawahitaji mtu atoke Kinshasa kuja kuwafundisha likelemba.

Lakini likelemba ina desturi moja ambayo mituele nyingi zimeisahau. Zamu yako ikifika unapewa pesa, na unajua mwenyewe la kufanya nayo. Hakuna mama wa likelemba anayekwambia: zamu ni yako, ila pesa hii ni ya kununua kitambaa kwa papa fulani tu, tena mita mbili, ya tatu ujilipie. Kwenye mituele ndivyo inavyokuwa. Zamu yako ikifika, maana yake umeugua, unaambiwa nenda kwa daktari huyu, usiende kwa yule, na bili ikipita kiasi hiki shida ni yako.

Chukua mfano wa mwalimu mwenye miaka 50 na zaidi, mkaaji wa Mangobo. Ana sukari na presha. Kwa miaka sita anafuatwa na daktari mmoja mtaalamu wa magonjwa ya ndani, huko Makiso. Daktari huyo ndiye aliyegundua kwamba dawa yake ya kwanza ya presha ndiyo iliyomletea kikohozi cha usiku, akaibadilisha. Ndiye aliyeona figo zimeanza kulegea, akapunguza dozi ya dawa nyingine. Mwaka unapoanza, mituele inatoa orodha mpya ya vituo vyenye mkataba, na kituo cha daktari huyo hakimo. Mwalimu anapanda toleka mpaka ofisini kuuliza.

“Mama mwalimu, kile kituo kimetoka kwenye orodha.”

“Kimetoka kwa sababu gani, papa?”

“Bei zao zilipita kikomo. Lakini usihangaike, mama, tumekupatia daktari mwingine. Dawa ni zile zile.”

Dawa ni zile zile. Kama kuna sentensi moja inayopaswa kukataliwa katika mji huu, ni hiyo. Aliyeisema pengine ni mtu mwema, ana mshahara mdogo, anarudia alichoambiwa. Lakini ni uongo, na mgonjwa wa muda mrefu ndiye anayelipia uongo huo.

Kwa malaria ya kawaida, sawa. Mtoto ana homa tangu jana, anapimwa, anapewa dawa, anapona. Hapo muuguzi yeyote aliyesoma vizuri kwenye kituo cha afya cha mtaa anatosha, na kumkimbiza mtoto huyo kwa mtaalamu ni kupoteza pesa na kumchosha mtaalamu bure. Kwa mguu uliochanika vivyo hivyo. Hakuna anayedai kila mtu achague profesa wa chuo kikuu kwa kila kikohozi.

Ugonjwa wa kudumu ni habari nyingine. Na hapa inafaa kukaa kidogo kwa mtoto mwenye SS, kwa sababu karibu kila mtaa wa Kisangani una nyumba inayomjua. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba watoto 2 kati ya 100 wanaozaliwa Kongo wanazaliwa na ugonjwa huo. Damu ya mtoto wa SS haikai mahali damu ya mwenzake inapokaa. Yeye anaweza kuishi, kucheza na kwenda shule akiwa na hemoglobini ya gramu 7 au 8, wakati mtoto mwingine akifika hapo nyumba nzima inalia. Daktari anayemfuata miaka mingi anaijua namba yake ya kawaida. Akimwona na gramu 7, anatazama macho, anapapasa bandama, anamwuliza mama kama mtoto amekunywa maji, anampa dawa ya maumivu. Hakimbilii damu.

Daktari mpya, hata awe na akili namna gani, anaona gramu 7 kwenye karatasi ya maabara na anaogopa. Ana haki ya kuogopa, hamjui mtoto. Anaandika damu. Papa anaanza kutafuta wa kumtolea mtoto, au anatafuta pesa ya mfuko wa damu. Na kila mfuko wa damu usio wa lazima ni hatari: unaweza kuleta maambukizi, unaongeza chuma mwilini, na mwili unaweza kujifunza kukataa damu ya watu wengine, ili siku damu inapohitajika kweli, kupata inayokubalika iwe kazi ngumu. Hasara hiyo yote inatoka wapi? Inatoka kwenye orodha iliyobadilishwa ofisini na mtu ambaye hakumwuliza mama swali hata moja.

Halafu kuna haidroksiyurea, dawa inayopunguza mara za maumivu makali kwa watoto hao. Haitolewi kama pipi. Daktari anaanza na dozi ndogo, anapima damu, anapandisha, anapima tena. Mtoto akihamishwa katikati ya kupandisha dozi, mpya ana njia mbili: aendelee na jambo asiloliona mwanzo wake, au aanze upya. Wengi wanaanza upya, na kuanza upya ni vipimo vyote tena, na vipimo ndivyo vinavyokula kikomo cha mituele kabla mwaka haujafika katikati. Hivyo mituele iliyomhamisha mtoto ili kubana matumizi inaishia kulipa mara mbili, au inamwambia papa kikomo kimeisha. Hesabu hiyo hata mwanafunzi wa darasa la sita angeikataa.

Sasa sikilizeni upande wa wenye mituele, kwa maana wao pia si wezi wote. Wanasema: pesa ni kidogo, wagonjwa ni wengi, na vituo vingine vikijua kwamba anayelipa ni mituele, bili inanenepa. Sindano moja inaandikwa mbili. Mgonjwa wa siku mbili analazwa siku tano. Bila orodha na bila kikomo, mfuko unakauka kufikia mwezi wa sita na wote wanakosa. Wanasema pia kwamba ngazi zipo kwa sababu: kwanza kituo cha afya, kisha hospitali kuu ya rufaa ya zone, kisha ngazi ya juu. Mtu akiruka ngazi, anafanya fujo.

Hayo ni kweli, na anayeyakataa hajawahi kushika mfuko wa watu. Mituele nyingi zimekufa katika nchi hii kwa sababu ya bili zilizonenepa na viongozi walionenepa pamoja nazo. Lakini angalia hoja hiyo inakofika. Inafika kwenye kudhibiti bei. Inafika kwenye kuwa na daktari mshauri wa mituele anayesoma bili na kwenda kitandani kuhakikisha mgonjwa yupo. Haifiki kwenye kumwondoa mgonjwa wa miaka sita mikononi mwa anayemjua bila taarifa, bila barua, bila fishi yake. Kituo kikipandisha bei, gombana na kituo. Mbona anayeadhibiwa ni mama mwalimu?

Dawa ya jambo hili ipo na haihitaji semina hotelini. Mituele ikisema kwamba inalipa kiasi fulani kwa kumwona mtaalamu wa magonjwa ya ndani, basi ilipe kiasi hicho hicho hata kama mgonjwa wa kudumu anabaki kwa daktari wake wa zamani, na tofauti ailipe mgonjwa mwenyewe. Mfuko haupotezi hata franka moja. Tofauti ikiwa kubwa, mgonjwa ataamua. Atakuwa ameamua yeye.

Kwa nini wana-Kisangani wako hapa tulipo, wakati Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kwenye kifungu cha 47, inasema haki ya afya inahakikishwa? Kwa sababu tangu miaka ya 1980 serikali iliacha hospitali zijitafutie. Mpango wa Bamako wa mwaka 1987 ulikubali kwamba mgonjwa achangie gharama ili dawa zisikosekane. Mchango ukawa bei, na bei ikawa mlango. Kaisi ya taifa ya usalama wa jamii, CNSS, inashughulika na pensheni, posho za familia na ajali za kazini. Ukiumwa malaria nyumbani haikujui. Kanuni ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamlazimu mwajiri kumtunza mfanyakazi wake na familia yake wakiugua, jambo zuri sana kwa mwenye mkataba. Muuzaji wa makemba, mvuvi wa Wagenya, mwendesha toleka, wao mwajiri wao ni nani?

Ndiyo maana mituele zilizaliwa, na ndiyo maana ilipitishwa sheria ya tarehe 8 Februari 2017 juu ya mituele. Kisha ukaja mpango wa afya kwa wote. Tarehe 5 Septemba 2023 huko Kinshasa, Rais Félix Tshisekedi alizindua sehemu yake ya kwanza, uzazi bila malipo kwa mama na mtoto mchanga. Ni hatua, na mama aliyejifungua na kurudi nyumbani bila kuzuiliwa kwa sababu ya bili anajua thamani yake. Kuzuiliwa hospitalini mpaka ndugu wachange pesa ni aibu ambayo nchi hii imeizoea mno. Lakini mpango huo nao unakwenda kwa mikataba na vituo vilivyochaguliwa. Kila mpango una orodha. Swali la nani anaandika orodha, na mgonjwa anaambiwa lini, litazidi kuwa kubwa kadiri mipango inavyoongezeka.

Na si Kongo peke yake. Jirani zetu wa Tanzania wana NHIF, mfuko wa bima wenye nguvu kuliko mituele zote za Tshopo zikiwekwa pamoja. Hata hivyo, tarehe 1 Machi 2024, baadhi ya hospitali kubwa za binafsi zilisimamisha huduma kwa wanachama wa mfuko huo, kwa sababu ya mvutano juu ya bei mpya. Watu waliokuwa na kadi halali, waliolipa kila mwezi, walifika getini na kuambiwa watafute kwingine au walipe pesa taslimu. Kenya nayo, tarehe 1 Oktoba 2024, iliuzima mfuko wake wa zamani na kuwasha mpya, SHA, na wagonjwa wa figo na wa kansa walikuwa kati ya walioteseka katika kupita huko, kwa maana anayesafishwa damu mara mbili kwa wiki hawezi kusubiri kompyuta zikubaliane. Wenye mifuko wakigombana na wenye hospitali, mgonjwa ndiye nyasi.

Hapa Kisangani kuna watu ambao hawana hata mituele ya kugombana nayo. Familia zilizokimbilia mjini tangu mapigano kati ya Mbole na Lengola mwaka 2023 zinaijua aina nyingine ya kikomo: kikomo cha mradi. Shirika la misaada ya kiutu linakuja, linaweka mkataba na kituo kimoja, wahamishwa wanatibiwa bure kwa miezi kadhaa. Kisha mradi unakwisha. Wakati mwingine tangazo linabandikwa mlangoni siku ile ile. Mwezi unaofuata linakuja shirika lingine, lina mkataba na kituo kingine, pengine ng'ambo ya mto. Mama aliyekuwa akitibiwa Lubunga anaambiwa avuke kwa mtumbwi aje Makiso, au aliyekuwa Makiso anaambiwa arudi Lubunga, upande ule ule alioukimbia. Nauli ya mtumbwi haimo kwenye mradi. Woga haumo kwenye mradi.

Waliokuja baadaye, baada ya Goma na Bukavu kuanguka mwanzoni mwa mwaka 2025, wamekutana na jambo jingine. Mituele ya mtaani au ya parokia ni kitu cha mahali. Kijitabu kilichopigwa muhuri miaka kumi huko Kivu, kwenye dirisha la Kisangani ni karatasi tu. Miaka kumi ya michango! Na mgonjwa wa presha hakuacha presha yake njiani.

Kwa hao wote jambo la kwanza la kudai ni dogo kuliko pesa. Ni fishi. Shirika linalofunga mradi lina deni kwa kila mgonjwa: karatasi inayosema ana ugonjwa gani, anatumia dawa gani, dozi gani, tangu lini, na alikataa dawa ipi. Kukunja ofisi na kuondoka na madaftari, au kuyaacha yaliwe na panya, ni kumwacha mama aanze kujieleza upya kwa lugha ya hospitali ambayo hakuisomea. Ripoti kwa wafadhili inaandikwa mpaka nukta ya mwisho. Fishi ya mgonjwa vipi?

Turudi kwa mwalimu wa Mangobo, kwa sababu yeye bado yuko ofisini amesimama, na lazima aamue. Abaki kwa daktari wake na kujilipia, au ahame?

Jibu la haraka la barabarani ni “baki kwa unayemzoea.” Si jibu baya lakini halitoshi. Kuna jambo moja ambalo wenye ofisi hawamwambii, na pengine hawalifikirii. Katika mji huu daktari mtaalamu mmoja anafanya kazi sehemu mbili, hata tatu. Asubuhi yuko kwenye hospitali ya serikali au kliniki za chuo kikuu, mchana yuko kwenye kituo cha watawa, jioni kwenye kabine ya mtu binafsi. Mwalimu alimzoea kwenye mlango wa jioni. Inawezekana mlango wa asubuhi umo kwenye orodha ya mituele. Basi kabla ya kulia, amwulize mwenyewe: “Dokta, wapi kwingine unapokea wagonjwa, na siku gani?” Mara nyingi kinachobadilika ni benchi la kusubiria. Atasubiri zaidi, atakaa na watu wengi, na wakati wa mgomo wa madaktari wa serikali benchi hilo litakuwa tupu. Lakini macho yatakayomtazama ni yale yale.

Kama hilo haliwezekani, ahesabu, na ahesabu vizuri. Watu wanahesabu bei ya kumwona daktari na kusahau dawa. Mwenye sukari anamwona mtaalamu labda mara nne kwa mwaka. Vidonge anakunywa siku 365. Kwa hiyo swali kubwa ni nani analipa vidonge. Kuna mituele inayolipa dawa kwa sharti moja tu, kwamba ziandikwe na daktari wa mkataba. Hapo mwalimu anaweza kubaki kwa mtaalamu wake kwa zile mara nne, akajilipia, kisha akaenda na barua yake kwa daktari wa mkataba wa mtaani, akamwomba kwa heshima afuate matibabu hayo na kuandika dawa. Madaktari wengi watakubali, hasa wakikuta barua imeandikwa vizuri na si maneno ya mgonjwa peke yake. Wengine watakasirika kwamba wanafanywa makarani. Wavumilie, nao wana heshima yao.

Na kuna wakati inafaa kuhama kweli, hata kama moyo hautaki. Kama daktari wa zamani ndiye anayeuza dawa anazoandika, na kila ukienda kuna dawa mpya, hama. Kama hajawahi kukupa namba zako, sukari ngapi, presha ngapi, na ukiuliza anacheka, hama. Kama yuko mbali kiasi kwamba unaruka miadi mvua ikinyesha, daktari wa karibu unayemwona kila mara ni bora kuliko mtaalamu unayemwona kwa bahati. Uaminifu kwa daktari ni jambo zuri mpaka pale unapogeuka kuwa aibu ya kuondoka.

Mtoto wa SS aliye katikati ya kupandisha dozi, mama mwenye mimba aliyewahi kupata presha ya mimba, mtu wa kifafa ambaye mwishowe amepata dawa iliyonyamazisha mishtuko yake: hao wasihamishwe na mtu yeyote kwa sababu ya orodha. Familia ikilazimika kuuza kitu ili wabaki, hiyo ni sababu nzuri ya kuuza. Inauma kuandika hivyo, na watakaolaumiwa kwa maumivu hayo ni wale waliochukua michango.

Kwa hiyo ni nini kinachodaiwa kwa wenye mituele za Kisangani, kubwa na ndogo? Orodha mpya isitoke siku inapoanza kufanya kazi. Itangazwe miezi mitatu kabla, redioni, kwa Kiswahili na Lingala, kanisani, msikitini, sokoni, na sio kwa karatasi ya Kifaransa iliyobandikwa nyuma ya mlango. Mgonjwa wa kudumu aachwe amalize mwaka wake kwa daktari aliye naye. Kituo kinachotolewa kikabidhi fishi mkononi mwa mgonjwa, bure. Na kikomo kiandikwe kwenye kijitabu kwa franka, ukurasa wa kwanza, kwa herufi ambazo mama wa soko anaweza kuzisoma bila miwani.

Kwa upande wa jimbo, wizara ya afya ya Tshopo ina zone tano za afya ndani ya mji huu: Makiso-Kisangani, Kabondo, Mangobo, Tshopo na Lubunga. Mgonjwa anayevuka kutoka moja kwenda nyingine asichukuliwe kama mgeni aliyetoka ng'ambo ya bahari. Na wale wanaotoka Opala, Ubundu au Bafwasende kumfuata mtaalamu hapa mjini, kwa pikipiki au kwa baliniere, siku tatu njiani, wasifike wakaambiwa kwamba boni yao ni ya kituo kingine. Boni moja ingeweza kutambuliwa na hospitali zote kuu za rufaa za mji. Ni mkutano wa siku moja na saini chache.

Wenye mituele watasema hayo yote yanahitaji pesa. Yale ya orodha, fishi na kijitabu yanahitaji wino.

Mituele haina mwenye mali mmoja. Ni ya wanachama, na mkutano mkuu wa wanachama ndio wenye kauli juu ya viongozi. Mikutano hiyo mara nyingi inafanyika viti vikiwa vitupu, ripoti inasomwa haraka, watu wanapiga makofi na kwenda kunywa soda. Mwaka huu mwalimu wa Mangobo aende, aende na mama wa mtoto wa SS, aende na kijitabu chake na fishi zake ndani ya mfuko wa plastiki ili mvua isizilowanishe. Ripoti ikimalizika kusomwa, ainue mkono kabla ya makofi, aulize: kituo kile kiliondolewa siku gani, nani walikuwa wamekaa kwenye meza, na daktari gani aliulizwa kuhusu wagonjwa waliokuwa wakifuatwa pale.